Hata Mto wa Kubuni Una Mkondo Wake

Kuna kauli iliyozoeleka mno miongoni mwa wabunifu wa gemu, watengenezaji wa filamu na hata mashabiki wanaochora ramani kwa mapenzi yao: njozi ni njozi. Mji haupo, mto haupo, aliyeutunga amekwisha kufariki. Basi anayeuchora leo ana ruhusa ya kuweka mnara atakapo na daraja apendapo, mradi macho ya mtazamaji yashibe. Anayeuliza maandiko yanasemaje huonekana mshika herufi, mtu asiyejua sanaa ni nini. Kauli hii imeenea kiasi kwamba haitetewi tena. Inatamkwa tu na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi naipinga. Naipinga kwa sababu imeharibu kazi nyingi zilizokuwa na fedha, vipaji na muda wa kutosha, na kwa sababu inawadanganya vijana wanaoingia katika ufundi huu kwamba ubunifu huanza pale usomaji unapoishia.

Ili tusibishane hewani, nichukue mji mmoja. Osgiliath ndio uliokuwa mji mkuu wa ufalme wa Gondor katika kazi za J.R.R. Tolkien, aliyeandika The Lord of the Rings, riwaya iliyotoka katika majuzuu matatu kati ya 1954 na 1955. Umejengwa kando zote mbili za mto Anduin, na mto unaupasua katikati. Nauchagua makusudi, kwa kuwa ndio ushahidi mkuu wa wapinzani wangu. Wanasema Tolkien aliueleza kwa machache mno: hakuna mhusika tunayemfuata mtaa kwa mtaa, hakuna soko tunaloingia, hakuna nyumba tunayopigia hodi. Zipo sentensi chache tu zilizotawanyika katika vitabu kadhaa. Basi, wanauliza, huo uaminifu utakuwa uaminifu kwa kitu gani?

Tuzikusanye sentensi zenyewe kabla ya kuzidharau. Mji ulianzishwa mwaka 3320 wa Enzi ya Pili na ndugu wawili, Isildur na Anárion. Isildur alikuwa na ngome yake mashariki, Minas Ithil, penye milima inayopakana na Mordor, nchi ya adui. Anárion alikuwa na yake magharibi, Minas Anor, ambayo baadaye iliitwa Minas Tirith. Osgiliath uko katikati ya ngome hizo, na katika ukumbi wake mkuu viti viwili vya enzi viliwekwa ubavu kwa ubavu. Kitabu cha The Silmarillion, kilichochapishwa 1977, miaka minne baada ya kifo cha mtunzi, kinaongeza kwamba palikuwa na daraja kubwa lenye minara na nyumba za mawe juu yake, na kwamba merikebu ndefu zilipanda kutoka baharini hadi kwenye gati za mji. Palikuwa pia na Kuba ya Nyota, ambamo lilihifadhiwa palantír, jiwe la kuonea mbali, lililo kuu kuliko mengine yote ya Gondor.

Halafu yakaja mabaya. Mwaka 1437 wa Enzi ya Tatu, katika vita vya ndugu kwa ndugu, Castamir alimzingira mfalme Eldacar humo. Mji ukachomwa, mnara wa kuba ukaangamizwa, jiwe likapotelea mtoni. Mwaka 1636 tauni iliua watu wengi, na waliokimbia hawakurejea isipokuwa wachache. Mwaka 1640 mfalme Tarondor alihamishia makao yake Minas Anor. Mwaka 2002 Minas Ithil iliangukia mikononi mwa adui. Mwaka 2475 jeshi la Mordor liliupiga Osgiliath, daraja la mawe likavunjwa, na tangu hapo mji haukukaliwa tena na raia. Mwaka 3018 palipiganwa tena kwenye daraja, na mwaka 3019 ng'ambo ya magharibi ikachukuliwa na adui aliyevuka kwa maboya na mashua alizoziunda kwa siri upande wa mashariki.

Anayetafuta sifa peke yake, yaani ukubwa, uzuri na maajabu, ataona hayo ni machache kweli. Anayesoma sababu ataona ni mchoro uliokwisha nusu. Hapo ndipo ninapoachana na wapinzani wangu: wao husoma chanzo kama orodha ya mapambo, na orodha ikiwa fupi wanajiona wameachwa huru. Chanzo kinapaswa kusomwa kama hali ya mahali na mwenendo wa watu wake, na hayo mawili yana matokeo ambayo hayachaguliwi.

Tuanze na daraja. Maandiko yanatupa mambo mawili kwa pamoja: daraja lililobeba nyumba na minara ya mawe, na merikebu za baharini zinazofika kwenye gati. Mbunifu wa "njozi ni njozi" huyachora yote mawili kama picha mbili nzuri, kisha huyasahau. Ndiyo maana katika michoro mingi utaona milingoti mirefu kusini mwa daraja na kaskazini mwake pia, kana kwamba milingoti hiyo hupenya mawe. Lakini daraja la kubeba nyumba za mawe linahitaji nguzo nyingi, nene, zilizokaribiana. Tunajua nguzo za namna hiyo zinaufanya nini mto, maana London ilikuwa na daraja la aina hiyo lililokamilika 1209, lenye matao 19, na lilibeba nyumba hadi karne ya 18. Nguzo zake zilibana maji hata yakawa yanaporomoka kati ya tao na tao, mabaharia wakayaogopa, na upande wa juu mto ulipungua kasi kiasi cha kuganda katika majira ya baridi kali. Merikebu kubwa zilibaki chini ya daraja, na bandari ya London ikakua upande huo.

Rudi sasa Osgiliath. Bandari ya merikebu ndefu lazima iwe kusini, chini ya daraja. Huko ndiko kuliko na maghala, ofisi ya ushuru, wasuka kamba, mafundi wa matanga, vilabu vya pombe na wachuuzi wa chakula cha mabaharia, pamoja na kelele na harufu ya lami. Kaskazini kuna maji mapana, yaliyopungua kasi, ya wavuvi na mitumbwi. Na chanzo kinatuthibitishia kwamba hakuna merikebu itakayokuja kutoka huko, kwa sababu juu ya mto yapo maporomoko ya Rauros, ambayo chombo hakiyapiti ila kibebwe nchi kavu. Mji huu una uso na kisogo. Una upande wa wageni na upande wa wenyeji. Sentensi mbili tu zimetugawia mitaa, kazi na tabaka za watu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa kwa jina katika kitabu. Je, huo ndio ufungwa wanaouogopa?

Tuendelee na kingo. Katika juzuu ya tatu Tolkien anaeleza ukuta unaozunguka mashamba ya Minas Tirith, na anataja kwamba mahali ulipo mbali zaidi na lango la mji, ukuta ule unatazama chini kwenye nyanda ndefu tambarare kando ya mto, na kwamba barabara ya kutoka Osgiliath inafika hapo ikiwa juu ya tuta lenye kuta. Msomaji wa haraka anapita. Mjenzi anasimama, kwa kuwa hakuna mtu anayetumia mawe na jasho kuinua barabara juu ya ardhi kavu. Tuta linatuambia kwamba ng'ambo ya magharibi ni chepechepe, kwamba mto hufurika, kwamba bila barabara ile mji mkuu ungekatika na ngome yake kila msimu wa maji mengi. Basi nyumba za magharibi zinahitaji misingi mirefu na ngazi za kupandia mlangoni. Ghala la nafaka halikai chini. Soko liko juu ya jukwaa la mawe. Anayechora Osgiliath wa vibaraza vilivyo sawa na uso wa maji ameipuuza sentensi moja, na kwa kuipuuza amepoteza mandhari nzima ya mji unaoishi na mafuriko.

Sehemu hiyo hiyo inataja vivuko vya miguu na madaraja ya Osgiliath. Hapa mpinzani wangu hufurahi: ona, chanzo kinajipinga chenyewe, mto wa kupitisha merikebu za bahari utavukwaje kwa miguu? Nami namjibu kwamba amekata tamaa mapema. Merikebu ndefu ni za enzi ya utukufu. Vivuko vimetajwa mwishoni mwa Enzi ya Tatu, zaidi ya miaka 500 baada ya daraja la mawe kuvunjwa. Minara na nyumba za mawe zilizokuwa juu ya daraja lile zilikwenda wapi zilipovunjwa? Ziliangukia mtoni. Mto uliozuiwa na kifusi hutua mashapo nyuma yake, na mashapo hujenga kina kifupi. Tolkien hakuandika hivyo, na sidai kwamba aliandika. Hilo ni hitimisho langu. Lakini ni hitimisho linalozifanya sentensi mbili zilizoonekana kugombana zisimame pamoja, na linampa mchoraji taswira ambayo hakuna kikao cha wabunifu kingeibuni kutoka hewani: watu wa Gondor wakivuka mto kwa kukanyaga nyumba za mababu zao.

Kuna jambo la tatu, dogo zaidi. Katika kikao cha Elrond ndani ya riwaya hiyo, Boromir, askari wa Gondor, anasimulia jinsi alivyokuwa katika kikosi kilicholilinda daraja hadi likaangushwa nyuma yao, wakaokoka wanne tu kwa kuogelea. Hiyo ilikuwa mwaka 3018. Lakini tumeshasoma kwamba daraja la mawe lilivunjwa 2475. Basi hili la 3018 ni daraja gani? Kitabu hakisemi. Lazima kuna watu waliolijenga katikati ya miaka hiyo, jeshi lililokaa katika magofu likiulinda mpito. Na lazima lilikuwa la namna inayoweza kuangushwa upesi, adui akiwa amekaribia na watu wako bado wako upande wa pili. Mimi naona mbao zilizolazwa juu ya visiki vya nguzo za kale, zimefungwa kwa kamba na vigingi vinavyong'oleka, na mafundi wachache wamekaa chini yake usiku na mchana wakisubiri amri wasiyoitaka. Hapa pana mhusika, pana kazi, pana hofu. Pengo hilo lisingeonekana kamwe na mtu asiyelinganisha tarehe mbili. Aliye huru na chanzo hata hajui kwamba kuna swali.

Nije kwenye wakati, maana hapa ndipo madhara ya ile kauli yanapoonekana wazi kuliko pengine popote. Piga hesabu. Tangu kuanzishwa kwa mji hadi kuchomwa kwake 1437 ni miaka 1,558, ukihesabu pia iliyokuwa imebaki ya Enzi ya Pili. Tangu kuchomwa hadi vita vya 3019 ni miaka 1,582. Osgiliath ulikaa katika kuporomoka muda mrefu kuliko uliokaa katika kusimama. Na haukuporomoka kwa pigo moja. Kwanza moto, kisha tauni, kisha kuondoka kwa mfalme na wote wanaoishi kwa kuwa karibu na mfalme, kisha hofu ya mashariki baada ya Minas Ithil kuwa ngome ya adui, kisha shambulio, kisha karne tano na zaidi za wanajeshi peke yao. Kila hatua inaacha alama ya aina yake. Jengo lililoungua linapasuka tofauti na jengo lililohamwa polepole. Mtaa uliokufa kwa tauni una milango iliyozibwa. Mtaa uliohamwa na matajiri una sakafu zilizong'olewa, maana mwenye mali huhama na marumaru yake. Upande wa mashariki hukimbiwa mapema kuliko wa magharibi, kwa hiyo miti yake ni mikubwa zaidi.

Tazama sasa Osgiliath wa filamu za Peter Jackson za riwaya hiyo, zile za 2002 na 2003. Ni kifusi kilekile kila upande: kuta zilizochanika, kijivu kitupu, mithili ya mji uliopigwa mabomu wiki iliyopita. Kazi ya mikono ni ya hali ya juu, na waliojenga zile kuta walijua kazi yao. Lakini mji hauna umri. Hakuna mti uliootea ukumbini, hakuna mtaa uliokufa kabla ya mwingine, hakuna tofauti kati ya jeraha la ndugu na jeraha la adui. Mtazamaji anaona uharibifu na anafahamu kwamba kuna vita. Hilo ndilo tu analofahamu. Msiba wa Gondor, kwamba iliuchoma mji wake kwa mkono wake kabla adui hajaugusa, haumo kabisa katika yale mawe.

Na kuna ushahidi mzito zaidi katika filamu hizohizo. Kitabuni Faramir, kamanda wa Gondor, anawaachia Frodo na Sam, wasafiri wanaokwenda Mordor, waende zao wakiwa Ithilien, mashariki ya mto, njia ya kwenda wanakokwenda. Filamu inawapeleka Osgiliath kwanza. Watengenezaji walieleza sababu: mkasa wa buibui Shelob ulikuwa umehamishiwa filamu ya tatu, hivyo ya pili ilihitaji kilele. Naielewa haja yao. Lakini tazama kilichofuata. Wakishawafikisha pale wasipostahili kuwapo, iliwabidi wawatoe. Ndipo katika toleo refu Faramir anawaonyesha mfereji wa kale wa majitaka unaopita chini ya mto mpaka ukingo wa mji, karibu na msitu. Mfereji wa majitaka, chini ya Anduin! Majitaka hufuata mteremko kuelekea mtoni.  Mjenzi wa kale hakuwa na sababu ya kuchimba chini ya sakafu ya mto wa kupitisha merikebu ili apeleke uchafu ng'ambo ya pili, na kama angechimba, mfereji ungejaa maji kabla ya kumalizika. Kosa la kwanza dhidi ya chanzo lilidai kosa la pili dhidi ya mto. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na mkondo haujali kama mto ni wa Misri au wa kubuni.

Linganisha na Minas Tirith ya filamu hizohizo. Hapo walishika maandiko: ngazi saba za mji juu ya kilima, jabali lililochomoza likaikata mizunguko yote isipokuwa wa kwanza, mnara mweupe kileleni, ua wenye mti uliokauka. Alan Lee, mchoraji aliyekuwa amekipamba kitabu hicho kwa picha miaka kadhaa kabla, alikuwa kiongozi wa usanifu pamoja na John Howe. Mji ule umebaki katika kumbukumbu za watu ulimwenguni kote. Watu walewale, fedha ileile, miaka ileile. Pale walipomfuata mtunzi walitoa mji, na pale walipojiachia walitoa mandhari ya nyuma. Anayesema uaminifu unaua mvuto na anieleze tofauti hiyo.

Najua majibu yao. La kwanza ni kwamba filamu na gemu si kitabu. Kweli. Gemu inahitaji njia za kupita mchezaji, mahali pa kujificha, mahali pa kupotea. Lakini mji wenye uso na kisogo, wenye tuta moja linaloutoa nje, wenye daraja la mbao juu ya visiki na kina kifupi kilichojaa mawe ya kale, una njia na maficho mengi kuliko uwanja wa kifusi kinachofanana. Mahitaji ya gemu na mahitaji ya chanzo hayakugombana hapa. Vilivyogombana ni uvivu na usomaji.

Jibu lao la pili ni kwamba chanzo hakisemi majengo yalikuwa na sura gani, hivyo kila mtu na mtindo wake. Nalo si kweli. Barua za Tolkien zilichapishwa 1981. Katika barua ndefu ya mwaka 1951 aliifananisha Gondor ya siku za mwisho na Bizanti: yenye fahari na heshima, lakini nguvu zimeiishia. Katika barua ya 1958 alisema watu wa Gondor wanaelekezeka vyema zaidi kwa mfano wa Wamisri wa kale, kwa kupenda kwao majengo makubwa mazito, nasaba na makaburi. Basi mwenyewe ametuelekeza Konstantinopoli na bonde la Nile, wala hatujaenda kokote kuomba ruhusa. Kuba ya Nyota inakuwa ndugu wa kuba ya Hagia Sophia iliyokamilika mwaka 537. Na Konstantinopoli unatufundisha zaidi ya kuba: baada ya kuporwa na Wanamsalaba 1204 uliendelea kupungukiwa na watu, hadi katika karne ya 15 ndani ya kuta zake mlikuwa na mashamba na bustani na vijiji vilivyotengana. Huo ndio Osgiliath wa baada ya 1640! Shamba la mboga ndani ya bafu la mfalme, mbuzi katika ukumbi wa viti viwili. Badala yake tunapewa minara iliyochongoka ya Ulaya ya kaskazini, mwaka nenda mwaka rudi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mkono wa mchoraji. Huo unaoitwa uhuru umeishia katika mazoea.

Jibu la tatu ndilo la heshima zaidi: kwamba uaminifu huzaa nakala isiyo na roho, kazi ya karani. Ingekuwa hivyo kama uaminifu ungekuwa kunakili. Lakini hakuna anayeweza kunakili Osgiliath. Chanzo hakitoshi, nao wenyewe ndio wanaolisema hilo. Kinachotakiwa ni kufikiri kutoka kwenye kilichoandikwa hadi kwenye kisichoandikwa bila kukatiza uzi. Karen Wynn Fonstad, mwanajiografia wa Marekani, alifanya hivyo katika The Atlas of Middle-earth ya 1981: alisoma safari, umbali, siku na milima, akachora ulimwengu mzima wa Tolkien kwa kuuliza nini kinafuata kutokana na nini. Hakuwa karani. Fikiri pia lile jiwe lililopotelea mtoni. Kitabu hakisemi mnara wa kuba ulisimama wapi. Lakini mnara ulioanguka na jiwe likaishia majini haukuwa mbali na maji. Uliyainamia, au ulisimama juu ya daraja lenyewe, katikati kabisa ya ndugu wawili, si mashariki wala magharibi. Ukiuweka hapo, mji wote unapata maana yake ya kisiasa: kitu kilicho kikuu kuliko vyote kinakaa mahali ambapo hakuna ndugu anayemiliki. Na vita vya ndugu vilipokuja, kitu hicho ndicho kilichozama. Kufika hapo kunahitaji ubunifu kuliko kuchora mnara wa kumi na moja unaopaa mawinguni.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini Mswahili ajisumbue na mji wa Mwingereza. Atajisumbua kwa sababu zamu yetu inakuja. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, atafanywa gemu. Atafanywa filamu ya katuni. Huenda hilo likafanywa na watu ambao hawajawahi kuiona Pate, Ozi wala mlango wa mto Tana pale Kipini, ambapo masimulizi yanasema amezikwa. Ile kauli ya "njozi ni njozi" itakuwa imewatangulia. Mkoma wa masimulizi hayo utaweza kugeuzwa mnazi au mbuyu, kwa kuwa mti ni mti. Lakini utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unasimulia kikoa cha kuchuma makoma, ambapo wenzake walipanga kumfuma Liyongo akiwa juu ya mti, naye akayaangusha makoma kwa mishale bila kupanda. Mkasa wote umejengwa juu ya urefu wa mkoma na shina lake. Badilisha mti, hila haina maana na ushujaa haupo. Kadhalika kisima. Liyongo alipochomwa sindano ya shaba kitovuni alikwenda akapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafa vilevile, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mji huo basi unategemea maji ya kisima hicho, na kisima kiko mahali pa wazi ambapo mtu aliyepiga goti anaonekana kutoka mbali. Mbunifu akiweka visima vitatu vya mapambo, kila kimoja uani mwa nyumba, ameua kifo cha shujaa kwa mchoro wa mitaa.

Tukikubali leo kwamba Anduin unaweza kupitishwa popote, kesho hatutakuwa na hoja ya kuwaambia wasiuhamishe Tana. Ndiyo maana nalisema jambo hili kwa ukali. Ninachodai si kikubwa. Kabla ya mstari wa kwanza, kila sentensi ya chanzo inayogusa mji ikusanywe, ipangwe kwa tarehe, na iulizwe maswali ya mjenzi: maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, chombo gani kinafika na kinaishia wapi, nani anaishi juu na nani chini, nini kilivunjika kwanza. Chanzo kikijibu, mbunifu atii. Kikinyamaza, abuni, lakini abuni kitu ambacho chanzo kingekitambua kuwa ni chake. Na studio inayokwenda kununua haki za hadithi ya watu imlipe msomaji kabla ya kumlipa mchoraji, kwa maana mchoraji bila msomaji atachora kile alichokwisha kukiona kwingine, kisha atakiita ubunifu.